Siagi Kwenye Lenzi Bapa

Nimeombwa niwaandikie ninyi mnaoanza kazi ya maabara ya mifugo, na aliyeniomba alitaka mambo ya kutia moyo. Mtanisamehe. Nilipokaa niandike, yaliyonijia ni mambo ya siagi, na ya ng'ombe ambao leo wanalala kwenye zizi lisilo la mama aliyewalea.

Wafugaji wa Karagwe na Kyerwa waliniita Mama Hadubini. Ninyi mnasema maikroskopu, haya, semeni mnavyotaka, chombo ni kilekile. Jina langu la ubatizo wengi hawalijui mpaka leo. Kazi yangu ilikuwa kutazama damu ya ng'ombe na majimaji ya tezi zake, niseme kama ni ndigana kali, ambayo wenyewe wanaiita amashuyo, au ni ndigana baridi. Yote mawili yanaletwa na kupe. Yote yanaanza na homa na ng'ombe kukataa majani. Lakini dawa ya hili haiponyi lile, na ukibahatisha vibaya umeupa ugonjwa muda wa kufanya kazi yake kwa raha.

Aliyenifundisha ni marehemu Mzee Felisiani, aliyekuwa mkuu wa maabara yetu. Alinipokea nikiwa msichana mwembamba mwenye kiburi cha cheti, akaanza kunivua kiburi hicho taratibu. Kioo ushike kingoni, usiweke dole lako pale nitakapotazama. Tone ulipake jembamba, ukiona limekuwa kama uji, tupa uanze upya. Likauke kwa upepo, si kwa jua, kwa maana jua linapika chembe na utabaki kusoma majivu. Na ile lenzi kubwa kuliko zote, ile ya mwisho, usiishushe kwenye kioo bila tone la mafuta. Mafuta yale yana jina na chupa yake, nayo yanaziba nafasi ya hewa kati ya kioo na lenzi ili mwanga usipotee njiani. "Bila mafuta hapo unatazama ukungu," alikuwa anasema, na kama umesahau alikuwa anakuondoa kwenye kiti kwa bega.

Mimi sikusahau. Nilizidisha. Siku moja tuko Murongo tunapima ng'ombe waliovuka kutoka Uganda, chupa ya mafuta ikaisha, nami kwa ujanja wangu nikaenda kwa mama ntilie nikaomba mafuta kidogo ya kupikia. Nikatia tone, nikainama, nikaona kitu kikubwa chenye kuta kama vyumba vya nyumba. Nikawatangazia watu nimegundua mdudu mpya. Maofisa wa forodha wakasogea, mwenye ng'ombe akaanza kutetemeka. Mzee Felisiani akaja, akatazama, akainua kichwa, akanusa lenzi. "Huyu mdudu wako ni kitunguu," akasema. Alicheka mpaka akakaa chini. Mchana wote nilikuwa nasafisha lenzi kwa spiriti, na waendesha bodaboda wa pale walinisalimia "Shikamoo Mama Kitunguu" hadi nilipokaribia kustaafu.

Nacheka sasa, lakini nawaambia haya ili mjue ni imani gani niliyokua nayo. Kwangu lenzi na mafuta vilikuwa ndugu.

Shida yetu kubwa haikuwa kutazama, ilikuwa njia. Hadubini ni nzito, inataka umeme, inataka meza isiyotikisika. Tone linachukuliwa malishoni, linafungwa, linapanda bodaboda mpaka Omurushaka, linasubiri gari, linafika maabara, nalo linakuta umeme umekatika. Majibu yakirudi, mara nyingi ng'ombe hayupo. Wafugaji walinitania: "Mama Hadubini, majibu yako tumeshayala na ndizi." Nilikuwa nacheka nao, lakini utani ule ulikuwa unanichoma.

Basi miaka ya mwisho ya kazi yangu akaja Editha. Ni mtoto wa hapahapa Karagwe, wazazi wake ni wakulima ambao wazee wao walitoka Rwanda. Alisoma mambo ya mwanga hadi akaenda kuyasomea ng'ambo. Alirudi na kifaa cha kubandika kwenye simu, na ndani yake lenzi ambayo ilikuwa bapa. Namaanisha bapa kabisa, haina tumbo, haina mgongo. Ndogo kuliko punje ya dengu, nyembamba kuliko ukucha.

"Hii inapindaje mwanga na yenyewe haijapinda?" nikamuuliza.

"Shangazi, juu yake kuna nguzo," akasema. "Nyingi sana, na ni ndogo kiasi kwamba hata hadubini yako haizioni. Nyingine nene, nyingine nyembamba, zimepangwa kwa hesabu. Mwanga ukipita kwenye nguzo nene unachelewa zaidi, kwenye nyembamba unachelewa kidogo. Huko kucheleweshwa kwa tofauti ndiko kunakoukunja, ukakutana mahali pamoja."

Nikamwambia mimi nimeuelewa mwanga kwa kioo kilichovimba katikati, asiniharibie uzee wangu. Akacheka. Lakini nilielewa. Ukilima shamba nusu ukaacha nusu, watu wakakatiza kwa safu, wa upande wa majani watachelewa na safu nzima itajikuta imegeuka. Ni hivyo tu.

Kisha akanipa masharti. Isiguswe na kidole. Isifutwe na kitambaa, nguzo zitavunjika. Isilowe maji. Na mafuta ndiyo marufuku kabisa, kwa sababu lenzi hii inafanya kazi kwa kuwa kati ya nguzo na nguzo pana hewa. Mafuta yakijaa pale, mwanga hautofautishi tena nguzo na nafasi, unapita moja kwa moja. Nilitamani Mzee Felisiani awe hai amsikie binti huyu. Jambo jingine ni kwamba lenzi ile ilipenda rangi moja tu, kwa hiyo ilikuja na taa yake ndogo ya kijani, na kila kitu ulikiona kwa kijani. Mimi niliyezoea kumjua mdudu wa ndigana kwa rangi yake ya zambarau ilinibidi nijifunze upya kumjua kwa umbo. Nilinung'unika sana. Halafu nikazoea, na nikaipenda.

Lenzi ilikuwa moja tu. Editha alisema kuitengeneza kule kunachukua muda, na nyingine ingekuja baadaye.

Tukaipeleka Nyakasimbi, kwa Ma Koku. Huyu alikuwa mjane wa ukoo wa wafugaji, rika langu, rafiki yangu wa miaka mingi. Mume wake alimwachia ng'ombe wa pembe ndefu, wazuri, na hakumwachia mtoto wa kiume. Shemeji yake, Kamugisha, alikuwa anasema wazi mbele za watu kwamba ng'ombe hawakai mkononi mwa mwanamke peke yake, na kwamba wakianza kufa atakuja kuwahamisha. Ma Koku alilijua hilo. Kila kupe aliyemng'oa kwenye sikio la ng'ombe alimng'oa akiwa na sauti ya shemeji yake kichwani. Na mwaka ule kupe walikuwa wengi, na homa ilikuwa inatembea zizi hadi zizi.

Siku tuliyofika, mtamba mmoja alikuwa amezubaa pembeni, masikio yamelala. Nikatoa damu, nikapaka, nikaipeperusha ikauke, nikaitia rangi, nikaiweka chini ya kile kifaa. Nikaona vidoa vidogo pembeni mwa chembe za damu. Ndigana baridi. Bwana mifugo wa kata alikuwepo na dawa yake ilikuwepo. Akachoma palepale, jua halijahama. Katika miaka yangu yote ya kazi nilikuwa sijawahi kusema jina la ugonjwa huku mgonjwa akiwa amesimama mbele yangu ananitazama.

Ma Koku akaomba aone. Akainama kwenye simu muda mrefu. "Kumbe ni hivi vinavyonitesa," akasema. "Vidogo hivi! Mimi nilidhani adui yangu ana pembe."

Kamugisha naye alikuwepo siku hiyo. Alisimama langoni na fimbo yake mabegani, hakuingia. Tulikuwa na furaha, hatukumwita. Ninyi mkisoma hapa msipite haraka. Hatukumwita.

Yule mtamba akapona, akarudi kula. Editha akaenda Murongo kuonana na watu wa forodha kuhusu mzigo wake mwingine, akaniacha mimi na kifaa kwa Ma Koku, kwa sababu zizi lake na ya jirani ndiyo tuliyokuwa tunayafuatilia. Hadubini yangu nzito niliiacha maabara. Mara ya kwanza nasafiri bila kuihitaji, na nilijisikia mwepesi kama msichana.

Jumapili nikaenda misa ya kwanza. Ma Koku alibaki na ndama, yeye angeenda misa ya pili.

Sasa lazima mwelewe nyumba ya mfugaji wa kule. Kuna mahali ndani ambapo vinakaa ebyanzi, vile vibuyu vya mti vya maziwa. Hapo si mahali pa kuweka kitu chochote. Ebyanzi havioshwi hovyo na maji. Vinafutwa vizuri, vinapakwa siagi, vinafukizwa moshi wa nyasi kavu mpaka vinukie, na mwanamke wa nyumba anajulikana heshima yake kwa namna anavyovitunza. Ma Koku alikuwa amekichukua kifaa chetu akakiweka hapo, katikati ya ebyanzi, mahali pa heshima kuliko pote nyumbani mwake. Nilipokiona hapo nilifurahi. Nilidhani amekificha vumbi lisikifikie.

Niliporudi kutoka misa nyumba ilikuwa inanukia. Alinipokea mlangoni anatabasamu. Alikuwa amekifungua. Alikuwa amechukua kitambaa chake laini kuliko vyote, amekifuta kile kidoa kidogo cha kioo, amekipaka siagi mpya kwa ncha ya kidole, na amekifukiza moshi, kama anavyofanya kwa chombo kinacholeta uhai nyumbani.

"Mlisema kisiguswe na maji," akaniambia. "Sikutia maji hata tone."

Jamani, niseme nini? Masharti mengine nilikuwa nimepewa mimi, kwa maneno ya watu wa maabara. Yeye alisikia la maji tu, na hilo alilielewa kwa moyo wote, maana ni sharti la vyombo vyake mwenyewe. Nilikaa kwenye kigoda. Nikawasha simu, nikaweka kioo. Kijani kitupu, kama kutazama ndani ya bwawa. Ma Koku akaona uso wangu, na tabasamu lake likaondoka polepole.

Editha alipofika jioni nilimweleza. Hakugomba. Alikaa nje kwenye mwanga akajaribu kwa spiriti, tone baada ya tone, bila kugusa. Siagi ilitoka. Lakini masizi yalikuwa yamenasa, na pale kitambaa kilipopita nguzo zilikuwa zimelala. "Shangazi, imekwisha," akaniambia kwa sauti ndogo. Kisha akaingia ndani akamshukuru Ma Koku kwa kututunzia chombo, akamweleza taratibu kilichotokea, wala hakumficha. Ma Koku alifunika mdomo wake kwa kanga.

Aliyeugua baada ya hapo ni Bihogo.

Bihogo alikuwa jike la rangi ya udongo mwekundu, mama wa nusu ya zizi lile, wa uzao ambao baba mkwe wa Ma Koku aliuchagua mwenyewe. Homa ilimshika, majani akayakataa. Nilimshika tezi chini ya sikio, imevimba kidogo. Ninyi mnajua, au mtajua, kwamba ng'ombe mwenye kupe wengi tezi zake huvimba hata kwa mambo madogo, na kidole si jicho. Kwa kuwa yule mtamba alikuwa na ndigana baridi, bwana mifugo alisema tuanze na dawa ileile. Mimi nikachukua majimaji ya tezi, nikayapaka, nikampa mwendesha bodaboda ayawahishe Omurushaka yaende maabara. Dawa ya ndigana kali haikuwepo karibu, ilikuwa ya kutafutwa mbali, na hakuna aliyekuwa tayari kuifuata bila jibu.

Tukangoja kama zamani. Umeme maabara ulikuwa umekatika, kama zamani. Jibu lilipokuja kwa simu, ndigana kali, Bihogo alikuwa tayari ana povu puani. Povu likishatoka, wanangu, mapafu yamejaa, weka sindano chini ukae na mwenye ng'ombe. Nilikaa naye. Ma Koku alimshika pembe mpaka mwisho, anamwita jina lake. Baada ya Bihogo wakafuata wawili wengine, kabla dawa haijafika.

Ukoo ukakaa kikao. Niliomba niingie, wakaniruhusu kwa heshima ya mvi zangu. Kamugisha alisema zizi lina mkosi, na kwamba mkosi haukuanza na kupe. Hakutaja jina, wote walimtazama Ma Koku. Mimi nikasimama nikaeleza. Nikawaambia kulikuwa na lenzi ambayo ingetutajia ugonjwa siku ileile, kwamba ilipakwa siagi kwa nia njema, kwamba juu yake kulikuwa na nguzo na siagi ikajaza nafasi kati ya nguzo.

"Nguzo gani hizo, mama?" Kamugisha akauliza, kwa adabu kabisa.

"Ndogo. Hazionekani kwa macho."

"Na kwa hadubini yako?"

"Hata kwa hadubini."

Wazee wakatazamana. Mmoja akakohoa ili asicheke. Nikatoa kile kifaa mfukoni nikawaonyesha, na wakaona kipande cha kioo cheusi kwa masizi. Nilisikia mwenyewe ninavyosikika. Nawaomba wakubali kwamba ng'ombe watatu wameuawa na siagi kwa sababu ya nguzo ambazo hakuna binadamu aliyeziona. Mkosi waliufahamu tangu utotoni. Nguzo zangu nani anazifahamu? Aliyekuwa ameona lenzi ile ikifanya kazi kati yao ni Ma Koku peke yake, na neno lake siku hiyo halikuwa na uzito.

Wakahamisha ng'ombe. Walipita mbele ya nyumba yake asubuhi, na ng'ombe waliokuwa na ndama walikuwa wanageuka nyuma.

Mimi nikastaafu. Roho iliniuma, na inaniuma ninapoandika. Sijilaumu kwa siagi wala simlaumu yeye. Najuta ile siku ya furaha. Mtu aliyekuwa anasubiri kuona tukishindwa alisimama langoni wakati tumeshinda, na kulikuwa na kitu cha kumwonyesha, na mwanga wa kutosha, na ng'ombe wa nduguye mbele yake. Mkipata chombo kipya, mwiteni kwanza yule asiyewapenda aje atazame. Rafiki yenu atawaamini hata gizani.

Editha hakukata tamaa. Kule ng'ambo aliwaeleza wenzake habari ya siagi na moshi, na nasikia hawakucheka, walikaa chini wakafikiri. Wakapiga hesabu upya, wakazizika nguzo zile ndani ya kitu kigumu kama kioo, hewa haihitajiki tena, na juu pakawa laini. Unaweza kuifuta kwa upindo wa gauni lako. Mwaka huu alikuja nayo, akanifuata nyumbani, akasema, "Shangazi, twende wote."

Nikampitia kwanza Ma Koku, nikamkuta anakunywa chai. Tulikwenda naye hadi kwa Kamugisha, kwa sababu kule ndiko ng'ombe waliko. Alikuwepo mmoja mwenye homa. Mzee yule hakutuzuia. Wanaume wakashindwa kumshika yule ng'ombe, anarusha pembe, mpaka Ma Koku alipomwita jina akasimama mwenyewe, akatulia mkononi mwake wakati ninachoma sindano kwenye tezi. Nikapaka, nikakausha, nikatia rangi. Safari hii kabla sijatazama mimi nilimwita Kamugisha.

Aliinama. Nilimwonyesha mahali pa kutazama. Alikaa pale muda mrefu kuliko hata Ma Koku alivyokaa siku ile. Kisha Editha akatoa kifaa kingine cha aina ile ya kwanza, kisicho na kifuniko, alichokuja nacho kwa ajili hiyo tu, akamwambia atazame, akakipaka siagi kidogo kwa kidole, akamwambia atazame tena. Kamugisha alipoinuka hakutazama mtu.

"Basi ilikuwa siagi," akasema.

"Nilikuambia, shemeji," Ma Koku akajibu, bila hasira.

Lakini ng'ombe wengine walikuwa wameshatolewa mahari ya mtoto wa Kamugisha, na wengine wamegawanywa kwa ndugu, na kikao cha ukoo kikishafungwa hakifunguliwi kwa ajili ya kipande cha kioo. Kila mtu pale zizini alilijua hilo. Kamugisha alimwita mkewe amletee Ma Koku maziwa. Yakaja kwenye chombo kizuri, kimefukizwa vizuri, yamejaa hadi juu.

Ma Koku aliyatazama. Akasema asante, ameshakunywa chai nyumbani.

Ilikuwa chai ya rangi.